Baa ya Ruksa, Kota za Juu

Mzee Melkizedeki aliwaita mizigo. Si walevi, si wateja, si watu. Mizigo. Kila jua lilipoanza kuinamia ziwa na magari ya kwanza kupanda mlima, alikuwa akimgeukia mkewe pale barazani na kumwambia, "Haya, Mama Dorkas, mizigo imeanza kushushwa." Theodora, mkewe, alikuwa akiwarushia kuku wake mtama. Alijibu "Ehe," akaendelea na kuku.

Kilichomkera hasa si pombe. Yeye mwenyewe enzi za ujana wake alikunywa, tena ya chupa, kwa glasi, mguu mmoja juu ya mwingine. Kilichomkera ni mahali. Kota za Juu zilikuwa nyumba nane za mawe zilizotazama ziwa, juu kidogo ya mji wa Singida. Waingereza walizijenga kwa ajili yao wenyewe, wakaweka mti wa kuzuia njia pale chini, na mlinzi wa kuuinua na kuushusha. Uhuru ulipokuja Waingereza wakaondoka, wakaingia wakubwa wa mkoa, na ule mti ukabaki pale pale. Ikifika saa kumi na mbili jioni, asiyekaa Kota hapiti, labda mwenyeji wake amtumie mlinzi neno. Wapishi na yaya waliotoka Mandewa walikuwa wakiteremka mbio mbio kabla ya saa hiyo, wengine na unga wa ngano bado mikononi. Na mtu ambaye mlinzi alimsikiliza kuliko wote alikuwa Melkizedeki, afisa utumishi, mwenyekiti wa wakazi wa Kota kwa miaka mingi. Hakuwa na digrii, hakuwa na gari. Alikuwa na ule mti.

Basi dunia ikageuka. Serikali ikasema biashara sasa ni huria, maofisi yakapunguza watu, na mlinzi akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Asubuhi moja lori la alizeti likaugonga mti likauvunja vipande viwili, na hakutokea mtu wa kuurudisha. Wakubwa wengine wakahamishwa, wengine wakastaafu wakarudi kwao, nyumba zikapangishwa kwa yeyote mwenye uwezo. Melkizedeki naye alistaafu, ila yeye aliuziwa nyumba yake, akabaki kuitazama Kota ikiharibika mbele ya macho yake.

Nyumba iliyotazamana na yake, ambako zamani alikaa mganga mkuu wa mkoa, ilichukuliwa na mwanamke mmoja wa Kinyiramba aitwaye Jenipher, aliyeanza maisha kwa kuwauzia vitunguu abiria wa mabasi pale Misigiri. Wiki ya kwanza Jenipher aling'oa mawaridi, mahali pake akajenga jiko la kuchomea nyama. Lile hodhi la kuogea, jeupe, lenye miguu ya chuma, ambalo wake za madaktari watatu walijilaza ndani yake wakati wao, alilitoa uani akalijaza maji, barafu, na bia za kopo kutoka Afrika Kusini. Kisha akamleta fundi rangi, akaandika ukutani BAA YA RUKSA, herufi zikipanda upande mmoja kama zinakimbia kitu.

"Ruksa!" Melkizedeki alisema siku hiyo. "Ruksa ya nani? Nani kampa?"

Tangu hapo baraza lake likawa ofisi. Alikaa na suruali iliyopigwa pasi na soksi zilizovutwa mpaka karibu na goti, akawapitia mmoja mmoja. Wafanyabiashara wa alizeti wamevaa suti za mitumba zenye mabega ya watu wengine. Walimu wanakuja wanne kwa bia moja, wanaizunguka kama wagonjwa wanaosubiri dawa. Madereva wa malori wanakojolea ukuta wa nyumba iliyolala wazungu. Wanawake wamechoma nywele mpaka zimenyooka kama za punda. Na yule karani wa halmashauri, ambaye zamani akileta mafaili alikuwa akipita chini ya mti ameinamisha kichwa kama mbuzi, leo kaweka miguu juu ya meza, tena na viatu.

"Muone," Melkizedeki alimwambia mkewe. "Huyo hajui hata kushika glasi. Anaishika kama jembe."

"Ehe," Theodora alisema.

Saa mbili, baada ya taarifa ya habari, alikula, akajaza pamba masikioni, akalala. Kule ng'ambo muziki ulikuwa ndiyo kwanza unapanda. Hakuwahi kujiuliza kwa nini tangu baa ifunguliwe nyama haikosekani mezani kwake. Aliona ni matokeo ya yeye kujua kupanga matumizi.

Siku moja akavaa koti akateremka mpaka ofisi za mkoa kulalamika. Alipokelewa na afisa kijana aitwaye Filipo, mtoto wa mtu aliyemfahamu, akampa shikamoo ya kusimama na kiti chenye mto. Melkizedeki alisema yote. Filipo alitikisa kichwa, akasikitika, akasema, "Mzee, uliyosema ni ya kweli kabisa. Nitakuja mwenyewe kukagua."

Akaja kweli, jioni ya siku ile ile. Melkizedeki alimwona akishuka kwenye gari la serikali, akafurahi, akasogeza kiti chake mbele apate kuona vizuri watakavyotimuliwa. Filipo alisimama mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaliendea hodhi, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaibuka na kopo. Ukaguzi ukawa umekwisha.

Dharau ya kwanza ya Melkizedeki ilikuwa kwa watu wa chini waliopanda. Sasa akapata nyingine, kali zaidi, kwa watu wa juu walioteremka.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema, lakini Theodora alikuwa ameshaingia ndani, hakumsikia.

Alikwenda Jumamosi, jua bado liko juu kidogo ya ziwa. Alivaa suti ya siku ya kuagwa kazini na tai ya bluu. Hotuba alikuwa ameshaipanga kichwani, ina sehemu ya utangulizi na sehemu ya maonyo. Alivuka barabara kwa mwendo wa mtu anayekwenda kufunga kitu.

Alitazamia kuzomewa. Badala yake watu walisimama. Dereva mmoja wa lori kutoka Manyoni, jina lake Mazengo, mtu mwenye mwili kama gunia la mpunga, alivua kofia akafutia kiti vumbi.

"Shikamoo mzee. Karibu, kaa hapa kwenye upepo."

Shikamoo zikamwagika kutoka meza zote, hata wale wenye nywele za kuchomwa walipiga goti kidogo. Melkizedeki akawa na kazi ya kujibu marahaba, marahaba, marahaba, na kila marahaba ikawa inaondoka na kipande cha hotuba. Alipomaliza, utangulizi wote ulikuwa umepotea. Akaanzia katikati.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuwaambia neno moja tu. Hapa mnapotemea mate palikuwa mahali pa watu."

Mtu alizima muziki. Mazengo, bila hasira yoyote, kama anayeuliza njia, alisema, "Na sisi, mzee, wakati huo tulikuwa nani?"

"Nyinyi mlikuwa kule chini."

"Sawa. Kule chini tukiwa nani?"

Kwenye kona mtu akacheka, akajizuia. Filipo alijificha nyuma ya kopo lake. Melkizedeki alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, alikuwa nalo miaka thelathini, lakini aligundua kwamba ni jibu ambalo halisemeki bila mti mbele na mlinzi pembeni.

Jenipher ndiye aliyemwokoa, au aliyemmaliza. Alitoka jikoni na sahani, akaiweka mbele yake, akapiga goti. "Baba, kula kwanza. Utatutukana ukishashiba."

Watu wakacheka kwa sauti, muziki ukarudi, kila mtu akarudi kwenye mazungumzo yake. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba walimsahau upesi namna ile. Alikaa. Akachukua kipande cha kuku, ili tu mikono yake ipate cha kufanya.

Kuku yule alikuwa amekaushwa kwa moshi, kisha akapikwa na karanga za kutwangwa, ndimu ikakamuliwa mwishoni. Kinamama wengi wa Iramba wanaweza kupika hivyo. Lakini kitunguu kilikuwa kimeachwa kiungue kidogo, makusudi, na palikuwa na mwanamke mmoja tu aliyekuwa na tabia hiyo. Melkizedeki alikuwa akimsema kwa kitunguu hicho tangu wiki ya harusi yao.

Alitafuna polepole. Na hapo, kutoka jikoni, akasikia kicheko cha mwanamke. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumboni, cha mtu aliyekaa kwa raha yake. Sauti aliijua. Kicheko hakukijua.

Akainuka akazunguka uani.

Theodora alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanga imefungwa kifuani, beseni la manyoya ya kuku kati ya magoti, anawasimulia wasichana wawili kisa fulani kwa Kinyiramba huku akiwaigiza watu kwa mabega. Alipoinua macho akamwona mumewe, kicheko kilikatika. Kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Wasichana walitazamana, wakachukua ndoo zao wakaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

"Mama Dorkas."

"Baba Dorkas. Wamekupa chakula?"

"Tangu lini?"

"Tangu walipofungua. Ukishaweka pamba zako, mimi navuka barabara; leo wateja ni wengi, nimewahi wakati unavaa suti. Jikoni hapa ni mimi na Jenipher. Kuku ni wangu, baa ni yake, tunagawana."

"Unawapikia hawa? Mizigo hii?"

Theodora aliendelea kunyonyoa kuku. Hakupandisha sauti. "Unamkumbuka mama yangu?"

"Mama yako ana nini na mambo haya?"

"Alikuja kunitazama nilipojifungua Dorkas. Alitoka Kinampanda na kuku wawili kwenye tenga. Basi likaharibika njiani, akafika pale chini kwenye mti giza limeshaingia. Mlinzi akakuletea habari. Wewe ulikuwa na wageni sebuleni, wakubwa wako. Ukamwambia, mwambie aje kesho mchana."

"Sikujua kama ni..."

"Ulijua. Mlinzi alisema mama mkwe wako. Nilikuwa nyuma ya mlango na mtoto mgongoni, nasikia. Nikawaletea wageni wako chai."

Melkizedeki alitazama moshi wa jiko. "Alilala wapi?" aliuliza.

"Leo ndiyo unauliza? Alilala stendi, chini. Asubuhi akapanda basi akarudi kwao, wala hakuja tena hapa mpaka amekufa. Wale kuku alimwachia mlinzi awalete huku. Mmoja ulimla wewe, ukaniambia kitunguu kimeungua."

Palikuwa na mambo mengi ya kusema, na mtu mwingine angeyasema. Melkizedeki alisema, "Vua hiyo kanga ya jikoni, twende nyumbani."

"Kuna sahani sita zinasubiriwa."

"Nimesema twende."

"Nimesikia," Theodora alisema, akachukua kuku mwingine.

Alirudi peke yake. Usiku huo pamba hazikumsaidia, maana alichokuwa anakisikia hakikutoka nje.

Angeweza kuyaacha yakapoa. Lakini mtu aliyezoea kutawala njia hawezi kukaa bila njia ya kutawala, na yeye ilikuwa imembakia moja, ile ya kutoka getini mpaka mlangoni kwake. Jumatatu akaleta fundi wa kuchomelea, akafungiwa komeo la chuma na kufuli kubwa. Akamtangazia mkewe: "Nyumba hii ina utaratibu. Saa kumi na mbili geti linafungwa. Aliye ndani yuko ndani, aliye nje yuko nje."

Theodora alilitazama kufuli, akalishika, akalipima uzito kama anapima nazi sokoni. Kesho yake, mchana kweupe, alifunga nguo zake kwenye kanga, akawatia kuku wote kwenye matenga mawili, akavuka barabara.

"Nani kakuruhusu?" Melkizedeki alipiga kelele kutoka barazani.

Theodora, mikono imejaa, alionyesha kwa midomo ule ukuta wa ng'ambo wenye herufi zinazopanda. Kisha akaingia ndani.

Hapo ndipo mambo yalipomgeukia. Jioni ya kwanza alifunga geti saa kumi na mbili, akakaa barazani na utaratibu wake. Akala mkate na chai aliyoikuta kwenye chupa. Jioni ya pili, mkate na chai ile ile, imeshapoa. Baada ya hapo mkate ukawa mgumu, na Melkizedeki, aliyejua kanuni zote za utumishi, akagundua kwamba hajui kuwasha jiko la mkaa. Wapitaji waliendelea kumheshimu, tena kwa bidii. "Shikamoo mzee! Uko ndani?" Mazengo alikuwa akiuliza akipita nje ya ua. "Niko ndani," alikuwa akijibu. Na ng'ambo, baada ya muda, vicheko. Siku moja upepo ukamletea neno lenyewe. Walikuwa wanamwita Mahabusu. Yeye aliyewabandika watu jina, sasa alikuwa na lake, na lake lilimkaa vizuri kuliko mizigo lilivyowakaa wao.

Aliwadharau zaidi. Akawadharau kwa kukaa kwao pamoja, kwa kusukumana begani, kwa kumsikiliza mwanamke aliyeuza vitunguu. Akaidharau harufu ya kuku iliyovuka barabara bila kuomba njia. Aliidharau huku ameinua pua kuielekea.

Dorkas, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Manyoni. Habari zilimfikia kwa Mazengo, akaomba lifti ya lori lake, akaja. Alifika jua likizama. Alianzia ng'ambo kumwona mama yake, akakaa huko kidogo, ndipo akaja kusimama getini, kitenge kichwani, mtoto mchanga mgongoni.

"Hodi baba. Shikamoo."

Melkizedeki aliinuka kitini kwa furaha, akapiga hatua mbili, kisha mkono wake ukaenda kwenye saa kama ulivyozoea. Saa kumi na mbili ilikuwa imepita. Geti lilikuwa limefungwa, na utaratibu ni utaratibu.

"Marahaba mwanangu. Hapa tumeshafunga. Njoo kesho mch..."

Akasikia alichokuwa anakisema. Maneno yalikuwa yale yale, sauti ile ile, na mbele yake mwanamke amesimama nje na giza linaingia, kavumilia safari yote ile kuja kutazama mtu wake. Dorkas hakujua kisa cha bibi yake. Alisimama tu akingoja, akimtikisa mtoto.

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Melkizedeki alitafuta mifuko yote na ule wenye ufunguo akauruka mara kadhaa. Alipoupata, ukakataa kuingia kwenye tundu. Dorkas akapitisha mkono kati ya vyuma, akamshika mkono, wakafungua pamoja.

Binti aliingia ndani akaona vikombe vilivyoota ukungu na vijiti vya kiberiti vimezagaa kando ya jiko. Aliosha, akafagia, akamwekea baba mjukuu mapajani. Alipomaliza akamchukua mtoto. "Nakwenda kulala kwa mama," alisema. "Kule kuna chakula." Hakulirudisha komeo la geti, na Melkizedeki hakwenda kulirudisha.

Kesho yake jioni alivaa suti na tai ya bluu. Safari hii hakuwa na hotuba. Alivuka barabara wakati watu bado wachache, akachagua meza ya mwisho, akakaa amezipa meza nyingine mgongo. Msichana alipokuja, alimwambia kwamba meza imefutwa vibaya na kwamba soda haiwekwi mbele ya mtu bila glasi. Msichana akasema samahani baba. Akaleta glasi. Ilikuwa na alama za vidole. Aliiinua juu kwenye mwanga wa balbu nyekundu, akaguna, akanywa.

Sahani aliileta Theodora mwenyewe. Aliiweka, akasimama, mkono kiunoni. Kitunguu kilikuwa kimeungua kidogo. Melkizedeki alikiona, akakila.

"Mama yako," alisema akiitazama sahani. "Ningemfungulia."

"Hukumfungulia."

"Sikumfungulia." Alisukuma mfupa ukingoni mwa sahani. "Kaburi lake liko Kinampanda pale pale?"

"Lingehamia wapi?"

"Tutakwenda, basi. Kama unataka."

Theodora alifuta meza kwa ncha ya kanga, mahali ambapo msichana alikuwa amepaacha.

"Utarudi lini nyumbani?" aliuliza Melkizedeki.

"Nikifunga jikoni."

"Unafunga saa ngapi?"

"Wateja wakiisha."

Akarudi jikoni. Baada ya muda kicheko kilianza tena huko nyuma, kidogo kidogo, kisha kikubwa. Gari lilipanda mlima, likafuatiwa na jingine. Wakashuka wafanyabiashara wa alizeti na mabega yao ya kuazima, wakashuka walimu wanne, akashuka Mazengo akiimba vibaya. Melkizedeki aliwatazama wakiingia, mmoja baada ya mwingine, kwa macho yale yale aliyowatazamia tangu zamani. Walikuwa wachafu, wana kelele, hawajui kushika glasi, na walikuwa wengi mno. Wasingeisha leo wala kesho. Alivuta kiti chake karibu na ukuta ili wapite, akasema marahaba, akaendelea kumsubiri mkewe.